Kuchora Ndege ya Jeti kwa Kiswahili: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Miongoni mwa kazi tulizoletewa tuzitazame kabla ya kupigwa chapa ni somo fupi la kuchora, lililokusudiwa walimu wa shule za msingi. Somo lenyewe lafundisha kuchora ndege ya jeti ya abiria kwa hatua 12, kuanzia mstari wa kwanza hadi kutia kivuli chini ya mabawa. Limefasiriwa kutoka lugha ya kigeni, na mfasiri wake, ambaye hatutamtaja, ni mtu mwenye bidii asiyekosa kamusi mezani pake. Kila jina la kitu amelitafutia jina la Kiswahili. Alipolikosa ameliunda, na alipoliunda ametueleza katika barua yake sababu ya kuliunda hivyo. Lau kazi yetu ingekuwa kupima orodha ya istilahi tu, tungaliipitisha tafsiri hii kwa masahihisho machache, na pengine tungaliisifu.

Lakini somo la kuchora si orodha ya istilahi. Ni maagizo yanayoingia kwa sikio na kutokea mkononi, na mkono hauna njia ya kukisia alichokusudia mfasiri. Tena picha zilizokuwa katika asili zimeondolewa ili kupunguza gharama ya kuchapa, kwa hoja kwamba mwalimu atasoma hatua kwa sauti na wanafunzi watachora kwa kufuata. Basi tuliona haki ya somo hili ni kulipima kwa namna litakavyotumika. Tuliwaita wenzetu wanne wa ofisini: karani, dereva, mhasibu na mlinzi wa zamu ya mchana. Kila mmoja alipewa karatasi, penseli na kifutio. Tukazisoma hatua zote 12 polepole, kila hatua mara mbili, bila kuongeza neno wala kuonyesha kwa mkono. Wote wanne wamekwisha kuziona ndege za jeti kwa macho yao, na dereva huenda uwanja wa ndege karibu kila wiki.

Baada ya saa moja tulikuwa na michoro minne. Wa karani ulikuwa na mdomo uliochongoka kama wa kunguru. Wa dereva ulikuwa na injini zilizozama ndani ya mabawa. Wa mhasibu ulikuwa na mkia wa samaki, na mabawa mawili yaliyo sawasawa kabisa, yote yakielekea upande mmoja, hata chombo kikaonekana kimelazwa ubavu. Wa mlinzi peke yake ndio uliofanana na ndege ya jeti, naye alikiri kwamba kuanzia hatua ya tatu aliacha kutusikiliza, akachora anavyojua.

Mhasibu aliirudisha karatasi yake huku akicheka, akasema tangu darasa la tatu anajua kwamba Mungu hakumjalia mkono wa kuchora. Neno hilo halikutuchekesha. Tuliutazama tena mchoro wake tukiwa na somo mkononi, hatua kwa hatua, tukaona kwamba hakuna mahali alipoasi agizo. Alichora alichoambiwa. Tukajiuliza ni watoto wangapi walioitwa wasio na kipaji, ilhali kasoro ilikuwa katika sentensi waliyosomewa.

Tuanze na hatua ya kwanza, ambayo yasema: "Chora kwa wepesi umbo refu la ndege wako." Karani alimaliza kabla hatujaisoma mara ya pili, na ndivyo alivyoagizwa. Katika lugha ya asili neno moja hutumika kwa mzigo usio mzito na kwa mkono usiokandamiza. Katika Kiswahili, kufanya jambo kwa wepesi ni kulifanya kwa haraka au bila taabu. Kilichotakiwa ni penseli isikandamizwe, kwa kuwa mistari hii ya mwanzo ni ya kuongoza tu na itafutwa baadaye. Ilitosha kusema: piga mistari hafifu, ncha ya penseli iguse karatasi tu. Karani aliikoleza mistari yake tangu mwanzo, na alipofika hatua ya tisa, inayomtaka aifute, karatasi ilichanika.

Katika sentensi hiyohiyo mna kosa la pili, nalo ndilo lililozaa mdomo wa kunguru. Wazee wetu waliita chombo hiki eropleni. Neno hilo sasa husikika kwa nadra, nafasi yake imechukuliwa na ndege, na wapo wanaolalamika kwamba kwa hiyo kiumbe na chombo vimepewa jina moja. Malalamiko hayo hayana msingi, maana Kiswahili kilikwisha kulimaliza jambo hilo kwa upatanisho wa kisarufi. Ndege aliye kiumbe anaruka; ndege iliyo chombo inaruka. Ndege wawili wametua mtini. Ndege mbili zimetua uwanjani. Mfasiri ameandika "ndege wako" katika hatua ya kwanza na ya mwisho, na "ndege yako" katika hatua za kati. Kwa msomaji wa kimya hilo ni kosa dogo la mpiga chapa. Kwa karani, aliyesikia "ndege wako" na mara akaambiwa auchongoe mdomo wake, lilikuwa agizo kamili, naye akalitii.

Tunasema mdomo kwa sababu ndilo neno lililotumika kwa sehemu ya mbele ya chombo. Sisi tungependelea pua. Mdomo wa ndege kiumbe huchongoka na kufunguka. Pua ya ndege ya abiria ni butu, imeviringika, haina ufa. Mdomo tungeuweka akiba kwa ajili ya injini, ambayo kweli humeza hewa kwa mbele, na huko neno litamsaidia mchoraji. Kwa kiwiliwili, hata hivyo, twampa mfasiri haki yake. Lile pipa refu linalobeba abiria ameliita kiwiliwili, yaani mwili usiohesabiwa kichwa wala viungo, na hakuna hata mmoja wa wachoraji wetu aliyesita. Neno hili lifae kuingizwa katika orodha bila mjadala mrefu.

Hatua ya nne yahusu mabawa, nayo ndiyo iliyotusikitisha zaidi, kwa kuwa kosa lake lingeepukwa na mtu yeyote aliyeufunga mlango wa kamusi kwa dakika moja akautazama mkono wake mwenyewe. Yasema: "Chora mabawa yaliyofagiwa nyuma." Dereva aliinua macho akauliza yamefagiwa na nani. Kitenzi cha asili hutumika kweli kwa sakafu na kwa bawa, lakini fagio la Kiswahili halitoki sakafuni. Sisi tuna kulaza. Bawa hulazwa nyuma kama mbayuwayu anavyoyalaza mabawa yake anapopita kasi juu ya paa, na mtoto yeyote amekwisha kumwona.

Mlazo huo si pambo, na mchoraji akiujua sababu yake hatausahau. Ndege inapoukaribia mwendo wa sauti, hewa inayopita juu ya bawa husongamana na kuwa kizuizi; bawa lililolazwa nyuma hukichelewesha kizuizi hicho. Faida ya mabawa ya namna hii kwa mwendo mkubwa ilielezwa na Adolf Busemann mbele ya wataalamu mjini Roma mwaka 1935, wakati ambapo hakuna ndege ya jeti iliyokuwa imeruka bado. Ya kwanza, Heinkel He 178 ya Ujerumani, iliruka tarehe 27 Agosti 1939. Mabawa ya Boeing 737 yamelazwa kiasi cha nyuzi 25, na ya Boeing 747 nyuzi 37 na nusu, kwa kuhesabu kutoka mstari unaokikata kiwiliwili pembemraba. Mwanafunzi mwenye kipimapembe anaweza kuzipata nyuzi hizo mwenyewe, iwapo anaichora ndege kama inavyoonekana na mtu aliye juu yake.

Iwapo anaichora kwa kuitazama ubavuni kidogo na mbele kidogo, kama somo hili linavyotaka, shauri ni jingine. Bawa la huku linaonekana refu, limekuja kuelekea kwa mtazamaji. Bawa la kule linaonekana fupi, na sehemu ya shina lake imefichwa na kiwiliwili. Tafsiri yasema tu: "Chora bawa la pili kama la kwanza." Hilo ndilo lililoilaza ubavu ndege ya mhasibu. Mfasiri, katika barua yake, alitueleza kwamba alihangaika siku mbili akitafuta istilahi moja ya kule kufupika kwa kitu kinachoelekea mbali na jicho, na alipoikosa akaona heri kuiruka sentensi nzima. Twamwonea huruma, lakini hatukubaliani naye. Jina la jambo laweza kusubiri vikao vya kamati, agizo haliwezi. Huku na kule tunavyo tayari, na mtoto huvijua kabla hajaijua penseli. Andika: bawa la huku liwe refu, bawa la kule liwe nusu yake, na lianzie nyuma ya mgongo wa kiwiliwili. Hakuna istilahi hata moja mpya humo, na bawa litakaa mahali pake.

Hapo ndipo tunapofikia neno kubwa tulilotaka kulisema. Wafasiri wetu wa mambo ya ufundi, na sisi tulio katika kazi ya istilahi tumo lawamani, tumezoea kuuona upungufu wa lugha kuwa ni upungufu wa majina. Tukipata nomino 40 za sehemu za ndege twajiona tumemaliza. Kumbe katika somo hili hakuna hata jina moja lililokosekana ambalo kwa kukosekana kwake mchoro uliharibika. Michoro iliharibiwa na vitenzi na maneno ya mahali, yaani na vitu ambavyo Kiswahili kimejaliwa navyo kwa wingi.

Tuchukue hatua ya saba: "Chora injini katika bawa." Dereva alizizamisha ndani ya bawa. Mhasibu alizikalisha juu ya bawa kama mizigo juu ya basi. Karani alizitundika nchani. Kila mmoja alilitii neno "katika", na neno hilo halina uwezo wa kuwaamulia. Lakini lugha hii ina po, ko na mo. Haipo lugha nyingi zenye kumlazimisha msemaji aamue, kila anapotaja mahali, kama kitu kimo ndani, kipo pale hasa, au kiko upande ule. Na historia ya ndege za jeti zilizotua katika viwanja vya Afrika Mashariki yaweza kusimuliwa kwa viambishi hivyo vitatu.

Safari ya kwanza ya kawaida ya abiria kwa ndege ya jeti duniani ilianza tarehe 2 Mei 1952, de Havilland Comet ya shirika la BOAC ilipoondoka London kwenda Johannesburg kwa kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Injini za Comet zilikuwa nne, na zilikuwamo ndani ya mabawa, mbili kila upande, penye shina la bawa karibu na kiwiliwili. Mtazamaji wa mbele aliiona midomo yake tu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kutumia Comet 4 mwaka 1960. Kuanzia mwaka 1966 shirika hilohilo likaleta Super VC10, ambayo injini zake nne zilikuwako nyuma, mbili kila ubavu wa kiwiliwili, na mabawa yakabaki matupu. Shirika hilo lilipovunjika na Shirika la Ndege la Tanzania likaanzishwa mwaka 1977, zilifuata Boeing 737 za aina ya 200, ambazo injini zake zipo chini ya mabawa, nyembamba na ndefu, zimebanwa na bawa lenyewe. Zimo, ziko, zipo. Dereva wetu hakuchora vibaya: alichora Comet. Somo ndilo lililoshindwa kumwambia kwamba linataka ndege nyingine.

Msomaji aliye mtumishi wa serikali asidhani kwamba hili ni jambo la watoto na kalamu za rangi. Kadi za usalama anazozikuta mfukoni mwa kiti akisafiri hutaja milango ya dharura kwa maneno hayahaya. Kuna tofauti kati ya mlango ulio juu ya bawa na mlango ulio penye bawa, na abiria aliye gizani hawezi kumwomba mfasiri ufafanuzi.

Kuhusu vitenzi tutasema kwa ufupi. Tumelihesabu neno chora katika hatua hizo 12, tukalikuta mara 31. Kiswahili hupiga mstari na kuvuta mstari. Huviringa, huchongoa, hupinda na hukunja. Huteremsha na hupandisha. Hukoleza na hufifiza. Fundi seremala akimfundisha mwanagenzi wake hatamwambia "tengeneza" mara 31. Yatosha kusema kwamba tulipoziandika upya hatua hizo kwa vitenzi vyake, urefu wa somo ulipungua.

Mkia nao umeleta taabu, na hapa kosa ni la jina kweli, ila si jina lililokosekana bali jina lililotumika kupita kiasi. Asili ina maneno matatu tofauti. Tafsiri ina mkia, mkia na mkia. Kwanza ni ile sehemu yote ya nyuma ambako kiwiliwili huchongoka. Pili ni ubao uliosimama wima juu yake. Tatu ni vibao viwili vilivyolala kulia na kushoto. Mhasibu, alipoambiwa mara tatu achore mkia, aliona ni lazima mikia hiyo iungane, akafanya wa samaki. Lakini samaki huyohuyo ndiye aliyetupa suluhisho. Ubao wa wima tunapendekeza uitwe pezi, kwa maana kazi yake ni ileile ya pezi la mgongoni, kukizuia chombo kisiyumbe kushoto na kulia. Na vibao vilivyolala viitwe vibawa vya nyuma. Mkia ubaki kuwa sehemu yote. Kwa istilahi hizo mwalimu aweza kueleza hata umbo la VC10, ambayo vibawa vyake vya nyuma viliwekwa kileleni mwa pezi. Na mtoto wa Mwanza au Dar es Salaam, anayezitambua ndege za shirika letu la leo kwa twiga aliyechorwa nyuma, ataambiwa kwa usahihi mahali pa kumweka twiga wake: ni kwenye pezi.

Mlinzi, ambaye babake alikuwa fundi wa mashua, alitufunza jambo lisilokuwamo katika asili wala katika tafsiri. Kabla ya umbo lolote alivuta mstari mmoja mrefu hafifu kutoka pua hadi mkia, akasema huo ni mkuku, na kwamba haijapata kuundwa mashua kwa kuanza na mbao za ubavuni. Kila kitu alichokichora baadaye alikipima kwa mstari huo: mabawa yametoka umbali gani chini yake, pezi limesimama wapi juu yake. Walimu wa uchoraji huuita mstari wa namna hiyo mhimili, na neno hilo ni sahihi, nalo lina nafasi yake katika jiometri. Lakini kwa darasa la pwani tungethubutu kusema mstari wa mkuku, kwa sababu neno lenyewe linaeleza kwa nini linatangulia. Bahari ilikwisha kuipa anga maneno kabla yetu. Rubani alikuwa mwongozaji wa vyombo vya majini kabla hajapanda angani, na hatujasikia mtu aliyepotea njia kwa ajili hiyo.

Madirisha tafsiri imeyapitia kwa maneno matatu tu: "Chora madirisha madogo." Wachoraji wote wanne walichora miraba, kama madirisha ya nyumba. Kuna sababu madirisha ya ndege hayana pembe kali. Mwezi Januari na mwezi Aprili mwaka 1954 Comet mbili zilivunjika angani na kuanguka baharini karibu na Italia. Wachunguzi wa Uingereza, huko Farnborough, walikitia kiwiliwili cha Comet nyingine katika tangi kubwa la maji, wakakijaza na kukipunguzia shinikizo mara nyingi mno, hata bati likapasuka, na mpasuko ulianzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa ubavuni. Kila ndege ilipopanda na kushuka, bati lilichoka kidogo, na uchovu huo ulikusanyika pembeni. Comet 4 iliyokuja Afrika Mashariki ilikuwa na madirisha yaliyoviringwa. Basi agizo liseme: vidirisha vya mviringo, virefu kwa wima kuliko kwa upana, vipangwe kwa mstari ulio sambamba na mkuku. Mwalimu akipenda atasimulia sababu. Mwanafunzi aliyeisikia hatachora mraba tena.

Midomo ya injini imetupa kazi nyingine. Tafsiri yasema "chora duara". Mdomo wa injini ukitazamwa kwa mbele hasa ni duara, lakini katika mchoro huu unatazamwa kwa upande, na duara likitazamwa kwa upande huwa duaradufu. Neno hilo limo katika vitabu vya hisabati vya shule, na mfasiri alilijua, kwa kuwa amelitumia kwa usahihi katika hatua ya kumi. Hapa, twadhani, alihofia kwamba ni gumu. Kwa maoni yetu mtoto anayeshika kikombe cha chai amekwisha kuliona duaradufu kila asubuhi, na mwalimu akikiinamisha kikombe mbele ya darasa, neno litakuwa limefundishwa. Tukumbuke pia kwamba si kila mdomo ni duara hata kwa mbele. Boeing 737 za aina ya 300, zilizoruka mara ya kwanza mwaka 1984, zilipewa injini nene zaidi ilhali bawa liko karibu na ardhi, ikabidi mdomo ubanwe kwa chini, ukawa kama mkate uliokaliwa. Mchoraji makini huchora hivyo, na wenzake humwambia amekosea.

Tuliyaandika upya maagizo yote, tukawaita wenzetu wale wanne mara ya pili. Hatua ya saba sasa yasomeka: "Chini ya bawa la huku, karibu na kiwiliwili kuliko nchani, ning'iniza pipa fupi. Mdomo wake utangulie mbele ya bawa, na uwe duaradufu lililosimama." Wote wanne waliziweka injini mahali pake. Hatudai ushindi kamili: bawa la kule la dereva lilibaki refu kupita kiasi, naye alitetea kwamba ndivyo aonavyo. Mhasibu aliomba aondoke na karatasi yake.

Yamebaki maneno machache ya injini yenyewe. Jeti tunashauri libaki jeti. Limekwisha kukaa vinywani mwa watu, linafuata silabi zetu, na kila jaribio la kulieleza kwa neno la asili huishia katika maelezo ya moshi au moto, vitu ambavyo si kiini chake. Injini hii hufyonza hewa kwa mbele, huigandamiza, huichanganya na mafuta na kuiwasha, kisha hewa hiyo yenye joto hutoka nyuma kwa kasi na kukisukuma chombo mbele. Ikiwa njiani huzungusha gurudumu linaloendesha mitambo ya mbele. Katika ndege za abiria za leo sehemu kubwa ya hewa haipiti motoni kabisa, bali husukumwa pembeni na mapanga yanayoonekana mdomoni. Mapanga hayo mfasiri ameyaita "rafadha ya ndani", na matokeo ni kwamba karani alichora rafadha ya meli mbele ya injini. Feni ingetosha, maana ndiyo ileile inayozunguka darini mwetu.

Kwa tundu la nyuma tafsiri ina "bomba la moshi", na kwa neno hilo hata mlinzi, alipolisikia katika jaribio la kwanza, aliongeza wingu jeusi. Katika maandishi mapya tumeweka "tundu la kutokea hewa", ambalo laeleza lakini ni refu, wala halilitofautishi tundu la injini na matundu mengine ya chombo. Tumefikiria koo, tukaliacha, kwa kuwa koo humeza. Tumefikiria mkundu wa injini, ambalo tumeambiwa mafundi hawalionei haya, lakini walimu wa shule za msingi wasingetushukuru. Wasomaji wanaofanya kazi katika karakana za ndege, Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe, wanaombwa watuandikie neno wanaloitana nalo wao kwa wao wanapoisimamia injini iliyofunguliwa, hata kama wanaliona ni la mtaani.